Kutunza nakala za akiba za seva: mwongozo kwa parwasi, shule na vikundi vya akiba

Masomo: Ezra 2:61-63, Ezra 6:1-5, Yeremia 32:9-15, Yeremia 36

Wana wa Israeli walipotoka uhamishoni Babeli, jamaa fulani za makuhani walitafuta majina yao katika orodha ya nasaba, wasiyaone. Ezra anaeleza kwamba waliondolewa katika ukuhani na kukatazwa kula vitu vitakatifu mpaka atakapotokea kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Hakuna mahali panaposema kwamba watu hao walikuwa waongo. Inawezekana kabisa kwamba baba zao walihudumu hekaluni. Lakini majina hayakuonekana, na pasipo maandishi hawakuwa na la kujitetea.

Kwetu sisi wa Mashariki jambo hili si la zamani. Mama mjane anatafuta ushahidi kwamba ndoa yake ilifungwa mbele ya kanisa, kwa sababu ndugu za marehemu wanataka kumtoa shambani. Kijana aliyekimbia vita anatafuta pointi zake za shule ili aendelee na masomo mahali pengine. Mwanachama wa AVEC anataka kujua hisa zake ni ngapi kabla ya siku ya kugawana. Zamani majibu yalikuwa katika daftari. Leo parwasi nyingi, shule zetu na vituo vyetu vya afya vimeanza kuyaweka katika kompyuta, na mara nyingine katika seva iliyo mbali, nyuma ya tovuti ya kanisa. Ni maendeleo mazuri. Lakini daftari likilowa mvua, kurasa nyingine hubaki. Seva ikiharibika bila kuwa na nakala, hakuna kinachobaki.

Tumeandika mwongozo huu kwa ajili ya makatibu wa parwasi, wakuu wa shule, watunza hazina wa vikundi, na vijana wetu wanaotunza tovuti za kanisa na za watu wengine. Mtu asiyejua kompyuta naye ausome, hasa mchungaji na wazee, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hii ni ya uaminifu na utaratibu kabla ya kuwa ya ufundi.

1. Maneno tunayotumia

Seva ni kompyuta isiyozimwa, iliyounganishwa na intaneti, inayotunza tovuti na kuwaonyesha watu wanaoiomba. Parwasi haina haja ya kununua seva. Hulipia nafasi kwenye seva ya kampuni, kama vile mtu anavyopanga chumba katika nyumba ya mwingine. Mwenye nyumba anatunza ukuta na paa. Mali iliyomo chumbani ni ya mpangaji, na mara nyingi mkataba unasema hivyo.

Tovuti ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mafaili: picha, sauti za mahubiri, programu yenyewe. Ya pili ni hifadhidata, yaani daftari kubwa lenye majedwali, ambamo kila mshirika, kila mwanafunzi au kila malipo yana mstari wake. Tovuti nyingi za kanisa zinatumia WordPress, na hifadhidata yake ni MySQL au MariaDB. Mtu anayenakili folda ya mafaili peke yake amenakili picha na kuacha majina. Anayenakili hifadhidata peke yake amepata majina na kuacha picha. Nakala kamili ina vyote viwili, vya siku moja.

Nakala ya akiba ni nakala iliyotengwa na kazi ya kila siku, inayokaa mahali pengine, na inayoweza kurudishwa. Kuna vitu vitatu vinavyofanana nayo bila kuwa nakala ya akiba. Diski mbili ndani ya seva moja zinasaidia diski moja ikifa, lakini ukifuta faili linafutika kwenye zote mbili. Folda ya wingu inayojilinganisha na kompyuta yako kila dakika nayo ni hivyo hivyo: kosa lako linasafiri nayo mara moja. Na nakala inayokaa kwenye seva ile ile, katika folda nyingine, inapotea siku seva inapopotea.

2. Data hupotea namna gani

Tukitaja hasara tunafikiria moto na wezi. Kwa kweli sababu ya kawaida ni mkono wa mtu. Katibu anafuta mstari mmoja, kumbe amechagua ukurasa mzima. Kijana anasasisha programu na jedwali linavurugika. Tarehe 31 Januari 2017, hata kampuni kubwa ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilipatwa na hayo. Fundi wake, akiwa amechoka usiku, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Kampuni ilikuwa na njia 5 za kutunza nakala. Ilipozihitaji, ikaona kwamba nyingine hazikuwa zimewashwa na nyingine zilikuwa zikishindwa kimyakimya bila mtu kujua. Iliokolewa na nakala moja ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla, na kazi ya saa hizo 6 ikapotea. GitLab ilieleza yote hadharani, na wengi wamejifunza kutoka kwayo.

Sababu ya pili ni maafa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo hilo la ghorofa 5, lililoitwa SBG2, liliungua kabisa, na jengo la jirani liliharibika kwa sehemu. Hakuna aliyekufa. Lakini mamilioni ya tovuti yalizimika, na wateja ambao nakala zao zilikuwa katika eneo lile lile walipoteza seva na nakala kwa pamoja. Mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwaambia wateja asubuhi ile waanze kutumia mpango wao wa maafa. Wengi hawakuwa na mpango. Walidhani kwamba kulipia seva Ulaya ndiyo mpango wenyewe.

Sisi tunajua maafa ya nyumbani. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, na mlima ukatapika tena tarehe 22 Mei 2021. Bukavu ilitikiswa na tetemeko Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008. Kuna nyumba zinazoungua katika mitaa iliyobanana, kuna mvua na maporomoko, na kuna kukimbia. Mwaka 2025 vita vilipofika Goma na kisha Bukavu, mabenki yalifungwa na watu walitoka nyumbani na kile walichoweza kubeba. Kompyuta ya ofisi si kitu ambacho mtu anakumbuka kubeba wakati watoto wanalia.

Sababu ya tatu ni wavamizi wa mtandao. Mwezi Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai malipo ili kuzifungua. Kirusi cha namna hiyo kinafunga kila diski kinachoikuta imeunganishwa. Diski iliyochomolewa na kuwekwa kabatini hakiigusi.

Sababu ya nne haisemwi sana: ugomvi na kuhama. Akaunti ya seva imeandikwa kwa jina la kijana mmoja, kwa barua pepe yake, na neno la siri analijua yeye tu. Akipata kazi Kampala, au akikosana na wazee, au Bwana akimwita, kanisa linabaki mlangoni bila ufunguo. Au ada ya mwaka haikulipwa kwa sababu onyo lilikwenda kwenye anwani ambayo hakuna anayeisoma. Kampuni husubiri muda fulani, kisha hufuta.

3. Maandiko yanatufundisha nini

Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, mji ukiwa umezingirwa, aliandika hati mbili: moja iliyotiwa muhuri na nyingine iliyo wazi. Akamwagiza Baruku aziweke zote katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Tuangalie vizuri alivyofanya. Hati iliyo wazi ni ya kusomwa kila siku. Hati ya muhuri haiguswi, ili ikitokea shaka iweze kuthibitisha. Na chombo kimechaguliwa kwa sababu kinavumilia. Nabii alijua kwamba mji utaanguka, na bado alitunza karatasi za shamba, kwa kuwa Mungu alisema nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Kutunza kumbukumbu wakati wa vita ni tendo la tumaini.

Katika sura ya 36, mfalme Yehoyakimu anakata gombo la Yeremia kwa kisu na kulitupa motoni. Yeremia na Baruku wakaandika gombo jingine, na maneno mengine yakaongezwa. Waliweza kwa sababu aliyelisema gombo la kwanza alikuwa bado hai na anakumbuka. Sisi tusitegemee hilo. Katibu aliyeandika ubatizo wa mwaka 1987 huenda hayupo tena.

Na katika Ezra 6, adui za Wayahudi walipopinga ujenzi wa hekalu, mfalme Dario aliamuru amri ya Koreshi itafutwe. Msako ulianza Babeli, katika nyumba ya kumbukumbu. Gombo likaonekana Akmetha, katika nchi ya Umedi, mbali na Babeli. Kazi ya Mungu iliendelea kwa sababu maandishi yalikuwa yametunzwa katika mji mwingine.

4. Kanuni ya 3, 2, 1

Mafundi wana kanuni moja rahisi, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: uwe na nakala 3 za kila kitu, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati ya hizo ikae mahali pengine.

Tuchukue mfano wa parwasi ya Mumosho, kusini mwa Bukavu katika wilaya ya Kabare. Nakala ya kwanza ni ile inayofanya kazi kwenye seva, tuseme Ulaya. Ya pili iko kwenye diski ya nje ofisini, Mumosho. Ya tatu iko Bukavu, katika sekretariati ya jimbo au kwa parwasi rafiki, ndani ya kabati lenye kufuli. Kama jimbo lina uwezo, nakala ya nne iende Uvira, Bujumbura au Nairobi, au kwenye nafasi ya wingu ya kampuni tofauti na ile yenye seva. Tuangalie umbali: Mumosho na Bukavu vinaweza kupatwa na jambo moja kwa siku moja. Ndiyo maana moja iwe ng'ambo.

Watu wa Mumosho wanaishi karibu na kituo cha Ruzizi II, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1989 na ambacho umeme wake unagawanywa kati ya Congo, Rwanda na Burundi. Hata hivyo kuwa jirani wa mtambo si sawa na kuwa na umeme wa kutegemea nyumbani. Kwa hiyo mpango wetu usidhani kwamba umeme upo saa 8 za usiku. Upakuaji wa nakala upangwe kwa saa ambazo umeme na mtandao huwa vinakuwepo, na kompyuta iwe na betri nzima. Kukatika kwa umeme wakati diski inaandika kunaweza kuharibu faili lote.

Mtandao nao una mipaka yake. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi yetu kwa karibu siku 20. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Anayetegemea wingu peke yake ana nakala asiyoweza kuifikia siku kama hizo. Diski iliyo kabatini haihitaji mega.

5. Namna ya kufanya

Hatua ya kwanza: andika orodha. Kaa na katibu, mtunza hazina na mkuu wa shule, muulizane: tuna kumbukumbu gani, ziko wapi, nani anazigusa? Orodha ya washirika, ubatizo, ndoa, watoto waliowekwa wakfu, michango, ada za shule, hisa za AVEC, bidhaa za duka la mama, mahubiri. Mara nyingi tutagundua kwamba kitu cha thamani kuliko vyote kiko katika faili moja la Excel kwenye kompyuta ya mtu binafsi.

Hatua ya pili: jibuni maswali mawili. Tuko tayari kupoteza kazi ya siku ngapi? Na tunaweza kukaa siku ngapi bila kumbukumbu hizi? Kwa orodha ya ubatizo, kupoteza kazi ya wiki moja si msiba, kwa kuwa wabatizwa wanajulikana. Kwa kikundi cha akiba kinachopokea fedha kila Jumamosi, kupoteza Jumamosi moja ni kuleta fitina. Majibu ndiyo yanayopanga ratiba. Teknolojia inafuata.

Hatua ya tatu: chukua hifadhidata. Kwenye seva nyingi za kupanga kuna ukurasa wa usimamizi, kwa mfano cPanel, na ndani yake phpMyAdmin. Chagua hifadhidata, agiza itolewe kama faili la SQL, na faili hilo libanwe ili liwe dogo. Anayeweza kuingia kwenye seva kwa maandishi atumie mysqldump pamoja na chaguo la --single-transaction, ili nakala iwe ya wakati mmoja hata kama mtu anaandika wakati huo. Kunakili moja kwa moja mafaili ya MySQL yaliyo diskini wakati yanatumika si njia salama, kwani huenda jedwali moja likawa la sasa na jingine la dakika iliyopita.

Hatua ya nne: chukua mafaili. Kwa WordPress, muhimu ni folda ya wp-content na faili la wp-config.php. Programu yenyewe inapatikana bure wakati wowote. Anayepakua mara ya kwanza atachukua yote. Baadaye chombo kama rsync kitachukua yale tu yaliyobadilika. Tofauti ni kubwa. Kwenye laini inayopitisha megabiti 1 kwa sekunde, faili la mega 50 linachukua karibu dakika 7. Giga 5 zinachukua karibu saa 11. Hifadhidata ni ndogo, basi ichukuliwe mara nyingi. Picha na sauti ni kubwa, basi zichukuliwe kwa nadra na kwa nyongeza. Walio kando ya Ruzizi waangalie pia simu yao imeshika mnara wa nchi gani kabla ya kuanza, mega zisije zikaisha kwa bei ya ugenini.

Hatua ya tano: acha mashine ikumbuke. Kwenye seva za Linux kuna ratiba inayoitwa cron, ambayo hufanya kazi saa uliyoipanga bila kuchoka. Kwa WordPress kuna viongezo kama UpdraftPlus vinavyopeleka nakala kwenye nafasi nyingine. Inapowezekana, kompyuta ya nakala ndiyo iende kuchukua kutoka kwenye seva, badala ya seva kuwa na ufunguo wa ghala. Mwizi aliyeingia kwenye seva asikute hapo hapo ufunguo wa kufuta akiba.

Hatua ya sita: lipe faili jina linaloeleweka. Jina la parwasi, kitu kilichomo, na tarehe ikianza na mwaka, mfano mumosho-washirika-2025-06-30. Mafaili yatajipanga yenyewe kwa tarehe. Faili liitwalo "backup mpya ya mwisho" halimsaidii mtu yeyote baada ya mwaka mmoja.

6. Ratiba na vyombo

Ratiba inayotosha parwasi nyingi ni hii. Hifadhidata kila siku, na kutunza zile za siku 7 za mwisho. Nakala kamili kila wiki, na kutunza za wiki 4. Nakala kamili kila mwezi, na kutunza za miezi 12. Sababu ya kutunza za zamani ni kwamba kosa halionekani siku ile ile. Jina lililofutwa mwezi wa 2 huenda likatafutwa mwezi wa 9. Ikiwa unayo nakala ya jana tu, nayo imekwisha kurithi kosa.

Kuhusu vyombo, tusiweke akiba ya kanisa kwenye fleshi moja. Fleshi ni ya kusafirishia, si ya kutunzia. Sokoni kuna fleshi zinazoandikwa giga nyingi kumbe ndani ni chache. Zinapokea mafaili bila kulalamika, na siku ya kufungua hayapo. Programu ya bure iitwayo H2testw inajaza fleshi na kuisoma tena ili kuthibitisha ukubwa wake wa kweli. Diski za nje zinunuliwe mbili, zipokezane: moja ofisini na nyingine Bukavu, na kila mwisho wa mwezi zibadilishane mahali. Ziwekwe katika boksi lisilopitisha unyevu, na zichomolewe baada ya kazi.

Wala tusidharau karatasi. Mara mbili kwa mwaka, orodha ya ubatizo, ndoa na hisa ichapishwe, isainiwe na wazee wawili, na kufungwa katika bahasha. Karatasi inasomeka bila umeme, bila neno la siri, na bila programu ambayo huenda haitakuwepo baada ya miaka 20.

7. Kujaribu kurudisha

Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu. GitLab ilijifunza hivyo kwa uchungu. Kwa sababu hiyo, kila miezi 3 parwasi ifanye jaribio.

Chukua kompyuta nyingine, isiyo seva. Weka programu ya bure ya XAMPP, ambayo inaifanya kompyuta ya kawaida iwe kama seva ndogo isiyohitaji intaneti. Ingiza faili la SQL la mwezi uliopita. Kisha hakikisha mambo manne. Je, idadi ya mistari katika jedwali la washirika ni sawa na ile iliyoandikwa siku ya kunakili? Je, ubatizo wa mwisho kabla ya tarehe ile upo? Je, majina kama Béatrice na Noël yanasomeka, au herufi zenye alama zimegeuka kuwa vitu visivyoeleweka? Hilo likitokea, mara nyingi ni kwa sababu nakala ilitolewa kwa mpangilio mwingine wa herufi na kuingizwa kwa mwingine. Utf8mb4 itumike pande zote mbili. Mwisho, jaribio limechukua muda gani? Andika katika daftari: tarehe, nani alifanya, matokeo.

Jaribio lifanywe na mtu tofauti na yule anayechukua nakala, akitumia maelezo yaliyoandikwa. Akikwama, maelezo yasahihishwe. Hapo ndipo tunajua kwamba kazi haitegemei kichwa cha mtu mmoja.

8. Siri za watu

Kila nakala tunayoongeza ni mlango mwingine ambao mwizi anaweza kuupita. Katika eneo letu orodha ya majina yenye namba za simu, kijiji na kabila si kitu kidogo. Ikianguka katika mikono mibaya inaweza kumgharimu mtu maisha. Kwa hiyo tunashauri mambo haya.

Kwanza, tusikusanye tusichohitaji. Kabila la mshirika halina kazi katika orodha ya ubatizo. Pili, mambo ya ushauri wa kichungaji, maungamo, na habari za mama na binti waliotendewa ukatili visiwekwe kamwe kwenye seva ya tovuti, hata kwa neno la siri. Vituo vya afya vina utaratibu wao wa siri, nao uheshimiwe. Tatu, kila nakala inayotoka nje ya ofisi ifungwe kwa usimbaji. Programu ya bure ya 7-Zip inafunga faili kwa AES-256, na VeraCrypt inaweza kufunga diski nzima. Nne, neno la siri liandikwe kwenye karatasi, liwekwe katika bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mchungaji wa parwasi na nyingine kwa sekretariati ya jimbo. Bahasha isikae na diski pamoja. Nakala iliyofungwa ambayo ufunguo wake umepotea ni sawa na iliyoungua.

Tano, diski zinapozeeka ziharibiwe kabisa. Zisiuzwe sokoni wala kupewa watoto kuchezea.

Sheria nayo inazungumza. Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayojulikana kama Code du numérique, ina sehemu nzima juu ya ulinzi wa habari za watu binafsi katika nchi yetu. Kanisa haliko nje ya sheria, na shule au mituwele ya afya vivyo hivyo. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mtu aliyetupa jina la mtoto wake ametukabidhi amana.

9. Kwa vijana wanaotunza tovuti za wengine

Katika Bukavu na Goma wako vijana wetu wanaopanga seva moja na kuigawa kwa wateja: duka, shule, hospitali ndogo, kwaya. Ni kazi halali na tunawatia moyo. Hao nao wana wajibu wa pekee, kwa sababu mteja hajui kuuliza.

Mkataba uandikwe, hata ukiwa wa ukurasa mmoja. Useme nani anachukua nakala, mara ngapi, zinakaa wapi, zinatunzwa muda gani, na tovuti itarudishwa ndani ya muda gani ikianguka. Kama bei haijumuishi nakala za akiba, mteja aambiwe hivyo waziwazi kabla ya kulipa, ajitafutie njia yake. Nakala za kila mteja ziwe peke yake, ili kumrudishia mmoja kusiwavuruge wengine, wala mmoja asione mali ya mwenzake. Kabla ya kusasisha programu yoyote, ichukuliwe nakala ya dakika ile. Mteja akitaka kuondoka, apewe mafaili na hifadhidata yake yote kwa namna inayoweza kufunguliwa kwingine. Kumzuilia mtu daftari lake ili asihame si biashara ya mkristo. Na jina la tovuti liandikishwe kwa jina la mteja, si kwa jina la fundi.

10. Maswali ya kikao cha wazee

Tunapendekeza maswali haya yasomwe katika kikao mara mbili kwa mwaka, na majibu yaandikwe katika ripoti:

- Akaunti ya seva na jina la tovuti viko kwa jina la nani? Ada itaisha tarehe gani?
- Watu wangapi wana ufunguo? Wasipungue 2, wala wasiwe wengi bila sababu.
- Nakala ya mwisho ni ya tarehe gani? Ziko wapi zile 3?
- Jaribio la mwisho la kurudisha lilifanyika lini, na nani alilifanya?
- Kuna kitu kwenye seva ambacho hakikupaswa kuwepo?
- Karatasi zimechapishwa na kusainiwa?
- Bajeti ya diski, mega na ada imewekwa?

Swali la mwisho huwa gumu. Diski mbili na ada ya mwaka ni gharama kwa parwasi ndogo, na wazee watauliza kwa nini fedha ya sadaka iende huko wakati paa linavuja. Jibu letu ni kwamba paa tunaweza kulijenga tena kwa mchango mwingine. Orodha ya akiba za wamama 25 wa kikundi haijengwi tena kwa mchango. Ikipotea, kinachopotea ni kuaminiana. Parwasi zilizo jirani zinaweza kushirikiana: kila moja inunue diski moja, na kila moja itunze nakala iliyofungwa ya mwenzake. Kwa njia hiyo Mumosho inatunza kwa ajili ya Bukavu, na Bukavu kwa ajili ya Mumosho, bila hata mmoja kusoma siri za mwingine.

Anayeanza leo aanze na jambo moja: atafute faili lenye majina ya washirika, alinakili, alifunge kwa neno la siri, na kulipeleka mahali pengine kabla ya Jumapili. Mengine yatafuata kwa mpango. Bwana atujalie kuonekana waaminifu katika vitu vidogo tulivyokabidhiwa.